Robo Mbili

Msimamizi wa machimbo alikuwa mtu wa maneno machache, na Ijumaa ile aliyapunguza zaidi. Alisimama kando ya lori kuukuu lililokuwa likitoa mvuke, akatazama mstari wa malori mapya yaliyokwama nyuma yake hadi chini ya kilima, kisha akamwambia dereva kwamba kuanzia Jumatatu lori lolote litakalosimama njiani kupumzisha injini lisirudi tena kupakia.

"Bosi, hii gari imebeba mawe yako tangu siku ya kwanza," alisema dereva.

"Imebeba, sikatai. Sasa ibebe bila kulala njiani."

Lori hilo waliliita Bi Mkubwa, kwa kuwa lilimzidi dereva umri, na kwa kuwa halikuwahi kuharakishwa na mtu. Kazi yake ilikuwa kupandisha mawe kutoka machimboni hadi kileleni, ambako lilikuwa likijengwa tangi kubwa la maji. Nyumba nzima ilikula kutokana na magurudumu yake: dereva, mkewe aliyekuwa na mimba ya miezi ya mwisho, na baba yake dereva, ambaye macho yalikuwa yameanza kumwacha na ambaye kazi zake zilikuwa zikipungua. Wenye kazi nyingine za kubebesha walikwisha kuajiri magari mapya. Bi Mkubwa akifukuzwa kilimani, hapakuwa na mahali pengine pa kumpeleka ila kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Baba huyo aliitwa Mzee Pampu. Katika yadi ya kutengenezea magari alikofanya kazi, kila fundi alijisifu kuwa anajua yote; yeye alikiri kujua kitu kimoja, yaani pampu ya dizeli, kile chombo kilicho ubavuni mwa injini ambacho hupima mafuta na kuyasukuma kwenye nozeli. Alikuwa na chumba chake mwishoni mwa yadi, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia na vumbi miguuni. Meza yake ilifutwa asubuhi na jioni. Spana zake zililala kwa ukubwa wake, kama watoto wa shule mstarini.

Kila pampu ina skrubu moja inayoweka kikomo cha mafuta. Ukiikaza, injini hupata mafuta zaidi na nguvu huongezeka. Moto ndani ya silinda nao huongezeka. Kwa Mzee Pampu skrubu hiyo ilikuwa na sheria. Aliyeigusa sharti apake mstari wa rangi, kuanzia kichwani mwa skrubu hadi kwenye mwili wa pampu, ili mkono utakaofuata uone iliposimama. Rangi nyeupe ilikuwa yake, nyekundu ya mwanawe. Kisha hupitishwa waya mwembamba, na ncha zake hubanwa kwa muhuri, kipande cha madini laini ya risasi chenye alama yake. "Nikifa mchana huu," alizoea kusema, "pampu itawaambia nilipofika."

Kuhusu kukaza skrubu ili gari lipate nguvu kupita kiasi, msimamo wake ulijulikana na wote. Anayefanya hivyo, alisema, ni mlevi aliyeshika spana. Madereva wengi walimwendea wakarudi mikono mitupu. Wa mwisho alikuwa shemeji wa Cheche, yule mchomeleaji wa yadi; lori la shemeji huyo lilikuwa zito kupanda kilima hichohicho. Mzee Pampu alimkatalia mbele ya watu. Mwezi haukuisha, shemeji akafukuzwa machimboni, na sasa alikuwa akiponda kokoto kwa nyundo, kando ya barabara ambayo malori ya wenzake yalipita.

Jioni ya Ijumaa dereva alimweleza baba yake maneno ya msimamizi. Mzee Pampu alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaipangusa.

"Turbo yake ni ndogo," alisema. "Ile ya lori lililopinduka, lile lililoko nyuma ya yadi, inaingia. Nozeli ninazo. Rejeta ya kupoza maji tutafunga ile nene. Tutaanza alfajiri."

"Na pampu, baba?"

"Pampu haijalalamika."

Jumamosi walifanya kazi bega kwa bega. Waliitoa turbo ya zamani, ile feni inayoshindilia hewa ndani ya injini, wakafunga kubwa iliyotoka kwenye lori lililopinduka. Bomba la ekzosi halikukutana na mdomo mpya, ikabidi Cheche aitwe aunge kipande. Alikuja na miwani yake nyeusi kipajini na mdomo wake, ambao haukuwahi kufungwa.

"Bi Mkubwa anawekewa mapafu ya marehemu," alisema huku akiwasha moto. "Mzee, usije ukamwongezea na damu."

"Choma bomba, Cheche. Hukuitwa kuhubiri."

"Nachoma. Nauliza tu. Maana kuhusu shemeji yangu uliniambia mwenyewe, skrubu haiguswi hata akija mtoto wa nani."

"Nami ndivyo nilivyosema."

"Basi. Nilitaka kusikia tena."

Alipoondoka, dereva alisimama mbele ya injini iliyo wazi, akashusha sauti. "Baba, tupe robo tu. Robo ya mzunguko."

"Kwa turbo hii na nozeli hizi, injini inaweza kubeba robo," alijibu Mzee Pampu, maana hakujua kusema uongo katika jambo la kazi. "Robo ndiyo ukingoni. Ukipita hapo hata kidogo, pistoni zinayeyuka kama mshumaa."

"Si umesema inaweza?"

"Nimesema inaweza. Sijasema nitaitoa. Tafuta kitambaa ufute hapo ulipomwaga."

Kabla ya magharibi walijaza mawe nusu, wakajaribu kilima. Bi Mkubwa alipanda kama ambavyo hajawahi kupanda. Dereva alikuwa akicheka peke yake nyuma ya usukani. Lakini kwenye kona ya mwisho, pale barabara inaposimama kama ukuta, mvumo wa injini ulikatika, lori likatetemeka na kukaa. Iliwabidi kushuka na kuweka kabari nyuma ya gurudumu, kama siku zote. Breki ya mkono ya gari lile ilikuwa pambo tu. Kabari hiyo, gogo la mti mgumu lililochongwa pembe, ilining'inizwa nyuma ya kibanda cha dereva, na iliwahi kuokoa maisha mara nyingi kuliko breki zote.

Walirudi yadini. Nyumbani, mke wa dereva aliwatazama usoni, akaweka chakula, hakuuliza. Mzee Pampu alimwona akiushika ukuta ili akae chini, mkono mmoja tumboni. Usiku ule hakulala vizuri.

Jumapili mchana yadi ilikuwa tupu. Mzee Pampu aliwaambia watu wa nyumbani kuwa amesahau miwani. Akafungua boneti la Bi Mkubwa, akakata waya wa muhuri, akalegeza nati, akakaza skrubu robo ya mzunguko. Mkono wake haukukosea. Ulikuwa mkono mzuri bado. Kisha akachukua kopo la rangi nyeupe, akalifungua, akachovya ncha ya kijiti.

Hapo akasita. Mstari ule ungesomwa. Asubuhi Cheche angepitisha kichwa chini ya boneti, kama alivyokuwa akifanya kila siku, na yadi nzima ingejua kabla ya chai kwamba skrubu isiyoguswa kwa ajili ya mtoto wa mtu ilikuwa imeguswa kwa ajili ya mtoto wake. Angemtazamaje mponda kokoto? Mzee Pampu alikuwa amejenga jina lake kwa muda mrefu, na jina hilo ndilo kitu cha pekee alichokuwa nacho ambacho hakikuwa na kutu.

Akaliweka kopo kando. Akaufuta mstari wa zamani kwa kitambaa chenye petroli, akaupaka upya pale palepale pa zamani mwilini mwa pampu na juu ya kichwa cha skrubu kilichokwisha kugeuka, ili uonekane haujavunjika. Akapitisha waya mpya, akaubana kwa risasi yenye alama yake. Kwa jicho lolote, pampu ile haikuwa imefunguliwa. Hakuwa amewahi kufanya kazi safi kuliko ile, wala ovu kuliko ile.

Jumatatu asubuhi, baba akiwa bado ndani anakunywa chai, dereva alisimama peke yake mbele ya boneti. Alikuwa amemheshimu baba yake maisha yake yote, na hata katika kuasi kwake alikuwa mtiifu. Aliangalia muhuri, ulikuwa mzima. Aliangalia mstari mweupe, ulikuwa umenyooka. Akaukata waya kwa koleo, akakaza skrubu kiasi kilekile alichosikia kikitoka kinywani mwa baba yake: robo, wala si zaidi. Rangi hakupaka. Alikusudia kukiri jioni, baada ya mawe kufika juu, akiwa na neno jema la msimamizi mkononi.

Kisha akaing'oa kabari nyuma ya kibanda, akaiegemeza langoni mwa yadi.

"Mbona unaiacha?" aliuliza Cheche, aliyekuwa akifika.

"Leo sipumziki, kaka. Ya nini kubeba mto wa kulalia?"

Mzee Pampu alitoka wakati lori likipita lango. Moshi wake ulikuwa mweusi kuliko alivyotarajia, lakini alijiambia kuwa injini ni baridi. Alisimama akiusikiliza mvumo wake mpaka ulipopotea, na moyo wake ukawa mwepesi kwa namna ambayo alijua hakustahili.

Akaingia chumbani mwake kumalizia pampu ya mteja. Alipofika mahali pa kutia muhuri alinyoosha mkono kuchukua koleo, na koleo halikuwapo mahali pake. Katika chumba kile hilo halikuwa jambo dogo. Alitafuta mezani, kisha akatoka nje, akaliona chini, pale Bi Mkubwa alipokuwa ameegeshwa. Kando yake mchangani palikuwa na waya uliokatwa vipande viwili, na kwenye ncha ya kimoja kipande cha risasi kinachong'aa, kipya, chenye alama yake.

Aliinama akakiokota. Hakuhitaji miwani. Robo yake ilikuwa ndani ya pampu ile, na sasa robo ya mwanawe ilikuwa juu yake.

Alimpigia simu. Aliyepokea alikuwa mkwewe. "Simu yake ameiacha hapa, baba, ilikuwa haina chaji. Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama. Kaa ndani, pumzika."

Cheche alikuwa akipanga mitungi yake ya gesi. Mzee Pampu alimwendea haraka, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

"Pikipiki yako. Nipeleke kilimani."

"Nina mlango wa mtu hapa, mzee."

"Cheche, nakuomba."

Mchomeleaji alimtazama, akaweka chini alichoshika. Walipokuwa wakitoka langoni Mzee Pampu aliiona kabari imeegemezwa ukutani, akasimamisha pikipiki, akaipakata mapajani kama mtoto.

Barabara ya machimbo ilikuwa vumbi tupu. Mzee Pampu alizungumza mgongoni mwa Cheche, kwa sauti kubwa ili upepo usiyachukue maneno, na labda ilikuwa afadhali kwamba hawakutazamana.

"Skrubu imekazwa mara mbili. Amekaza yeye leo. Hajui kama ilishakazwa."

"Ilikazwa na nani?"

"Na mimi. Jana."

Pikipiki ilipunguza mwendo kidogo, kwa muda mfupi tu. "Na rangi?"

"Sikuweka."

"Hukuweka kwa sababu gani?"

"Unaijua sababu."

Cheche hakutukana. Walipita mahali pa kupondea kokoto, na pale, chini ya kivuli cha gunia, shemeji yake aliinua nyundo kuwasalimu. Cheche akamjibu kwa kichwa. Baada ya hapo alisema, "Shika vizuri, mzee," akafungulia mafuta mpaka mwisho.

Walimkuta Bi Mkubwa katikati ya kilima, amejaa mawe hadi mbaoni, akipanda kwa kasi ya ajabu. Alikuwa amelipita lori moja jipya na analifukuzia la pili. Moshi uliotoka ekzosini ulikuwa mweusi na mzito, ukijikunja barabarani kama shuka. Mzee Pampu alisikia ndani ya mvumo ule kugonga kukavu, kudogo, kama mtu anayebisha mlango kwa ukucha, akajua ya kwamba pistoni moja imekwisha kuanza kuyeyuka.

"Msogelee. Msogelee kwenye kioo chake anione."

Dereva alimwona. Aliona kiooni pikipiki ndani ya moshi, na juu yake baba yake akipunga mkono mmoja, na mkono mwingine umeshika kabari. Alidhani ameelewa: muhuri uliokatwa umegunduliwa, na baba amekuja mbele ya madereva wote kumletea gogo la kulalia. Kichwa chake kilipata moto. Ilibaki kona moja. Akifika juu, baba angesema lolote alitakalo, na angemsikiliza kwa magoti. Akakanyaga mafuta hadi sakafuni.

"Anakimbia," alisema Cheche. "Mzee, mtoto wako anatukimbia."

Mzee Pampu aliita jina la mwanawe, lile la utotoni. Injini ililimeza.

Kwenye kona ya mwisho, pale barabara inaposimama kama ukuta, Bi Mkubwa hakutetemeka kama Jumamosi. Alipanda. Dereva wa lori lililokuwa mbele alitoa kichwa dirishani kutazama. Kisha ukasikika mlio mmoja, si mkubwa, kama sufuria iliyodondoka katika nyumba ya jirani, na moshi mweusi ukageuka mweupe. Mvumo ulikatika. Kwa kitambo lori lilisimama pale, likiwa halipandi wala halishuki.

Halafu magurudumu yakaanza kurudi nyuma.

Cheche aliitupa pikipiki na kuruka kando. Mzee Pampu aliangukia magoti, akainuka na kabari, akakimbia kuelekea kwenye lori badala ya kulikimbia. Lilikuja polepole kwanza, kokoto zikilia chini yake. Dereva alikuwa amelala juu ya breki kwa uzito wake wote, lakini hewa ya breki ilikuwa ikimtoroka. Upande wa kushoto barabara iliishia kwenye korongo. Mzee aliisukuma kabari chini ya gurudumu la nyuma. Gurudumu likaiburuta kama kipande cha sabuni. Akaikimbilia, akaipachika tena, akaikanyaga kwa kisigino. Nyuma yake pikipiki ilimezwa na gurudumu la upande wa pili, ikalia chuma kwa chuma. Kabari ikauma ardhi. Lori likainuka kidogo, likatikisika pamoja na mawe yake yote, likatulia.

Dereva alishuka. Akakaa kwenye ngazi ya kibanda. Nyuma yao malori yalianza kupiga honi, moja baada ya jingine, hadi chini ya kilima.

"Ni mimi," alisema kabla hajaulizwa. "Nimekata muhuri wako, baba. Nilikaza robo. Robo kamili, wallahi, sikuzidisha. Sijui imekuwaje."

Mzee Pampu alikuwa amesimama mbele yake, kisigino kimoja kikivuja damu ndani ya kiatu. Hakuna aliyejua habari ya Jumapili ila Cheche, na Cheche alikuwa mbali kidogo, ameinamia kilichobaki cha pikipiki yake, akikunja mdomo. Ilitosha mzee kunyamaza. Mwanawe angelibeba kosa hilo lote maisha yake yote, na angelibeba bila kuuliza.

"Haikuwa robo," alisema. "Ilikuwa robo mbili. Moja niliiweka mimi jana."

Dereva aliinua uso. Alimtazama baba yake kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Muhuri ulikuwa mzima. Mstari ulikuwa umenyooka. Niliangalia."

"Niliupaka mimi unyooke."

"Kwa hiyo ulinidanganya kwa rangi yako mwenyewe."

"Ndiyo."

Lori jipya la kwanza liliwapita kwa shida, magurudumu yakiwa ukingoni, na ndani yake alikuwa msimamizi. Hakusimama. Alilitazama boneti linalotoa moshi mweupe, akatoa kalamu sikioni mwake, akairudisha. Hapakuwa na haja ya kuandika. Wote watatu walimsindikiza kwa macho mpaka akapotea juu.

"Pikipiki yangu imekuwa kabari ya pili," alisema Cheche bila kumtazama mtu. "Shemeji atafurahi. Atapata wenzake wa kuponda nao." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Mzee, ungemwekea na shemeji robo moja tu, na rangi juu yake. Ningekunywa chai yangu saa hizi."

Mzee Pampu alichechemea hadi mbele ya lori.

Alifungua boneti. Joto lilimpiga usoni. Alitoa mfukoni kopo la rangi nyeupe ambalo hakukumbuka kulichukua, akaipangusa pampu kwa ncha ya shati lake, akapaka kichwani mwa skrubu mstari mfupi uliopinda, pale mahali halisi alipokuwa ameiacha Jumapili. Injini ilikuwa imekufa. Rangi ilitoa mvuke ikikauka.

Dereva alikuwa amesimama nyuma yake. "Sasa unamwekea nani?"

"Atakayeifungua kesho."

"Nani ataifungua? Unadhani mtu atainunua hii kwa ajili ya pampu?"

"Utaifungua wewe. Macho yangu hayafai tena, na mkono wangu, umeona mwenyewe, hauaminiki."

Mwanawe aligeuka. Alitazama korongo, kisha malori yaliyokuwa yakipiga honi. Bi Mkubwa hakuweza kuvutwa akiwa na mzigo, na mawe hayo hayakuwa na mtu wa kuyashusha isipokuwa wao. Alipanda juu ya mbao, akashika jiwe la kwanza kwa mikono miwili, akalishusha polepole hadi usawa wa kifua cha baba yake.

"Shika, baba," alisema. "Ni zito."